Shangazi wa bweni anapouliza mshahara wa baba yako

Msomaji mmoja, binti wa Tanga anayesoma shahada ya pili ya afya ya jamii mjini Wuhan, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha kwa maneno yake mwenyewe:

"Nina zaidi ya mwaka hapa China na bado sijui kama watu hawa wananipenda au wananidharau. Mama anayetunza bweni letu, tunamwita shangazi kama Wachina wenyewe wanavyomwita, aliniuliza mapema kabisa baba yangu anapata mshahara kiasi gani, kisha akataka kujua kwa nini nina miaka 27 na sijaolewa. Kila akiniona ananiambia ninywe maji ya moto. Juzi kasema mbele za watu kwamba nimenenepa. Wanafunzi wenzangu tukikutana kwenye korido hawanisalimii, wanapita kama sipo. Lakini nilipougua, mmoja wao alikaa nami hospitali kutwa nzima, akanipangia foleni zote. Usiku ule nikamtumia yuan 100 kwa WeChat kumshukuru. Hakuzipokea, zikarudi zenyewe, na tangu hapo amepoa. Kwenye basi mtoto alinisugua mkono aone kama rangi inatoka, na bibi mmoja nilipokaa karibu naye akahama kiti. Sasa shangazi wa bweni ananialika kwao kijijini kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Niwaelewe vipi watu hawa? Na je, niende?"

Nianze na zile yuan 100, binti yangu, maana humo ndimo lilimo swali lako lote, ingawa umezitaja kwa haraka.

Hospitali kubwa za China unazijua sasa. Unachukua namba ya daktari, unalipa, unamwona daktari dakika chache, unatumwa kupima, unalipa tena kabla ya kupimwa, unasubiri majibu, unarudi kwa daktari, unalipia dawa, ndipo uende dirisha la dawa. Mpango mzima unachukulia kwamba mgonjwa hakuja peke yake; yupo mtoto, mume au dada wa kumkimbilia huku na huku. Mwenzako alipokaa nawe kutwa, alishika nafasi ya ndugu. Hakukuambia kwa mdomo, wala hangekuambia. Kule jambo zito la namna hii hutendwa likaachwa likae. Nawe usiku uleule ukamlipa. Kinacholipwa siku hiyohiyo, tena kwa kiasi kinachohesabika, ni kazi ya kibarua. Ulichomwambia, bila kukusudia, ni kwamba hesabu yetu imefungwa, sina deni kwako, nawe huna sababu ya kunijulia hali tena.

WeChat humpa mpokeaji saa 24; zikipita bila yeye kubonyeza, pesa hurudi kwa mwenyewe. Angeweza kukurudishia palepale na maneno makali juu yake. Aliacha muda upite wenyewe, ili usiumbuke. Alikusitiri, huku ameumia.

Ungekuwa kwenu haya ungeyajua bila kufundishwa. Jirani akikukimbiza hospitali ya Bombo usiku wa manane, asubuhi humpelekei nauli. Ukimpelekea atakutazama kama umemtukana. Unanyamaza, unalibeba deni lako, na Ramadhani ikiingia sahani yako ya kwanza ya futari inaelekea mlango wake. Naye sahani hairudishi tupu. Mambo yanakwenda hivyo miaka, hakuna anayejua nani anamdai nani, na hapo ndipo ujirani ulipo.

Kwa nini basi uliyasahau Wuhan? Nimeishi China miaka mingi, kwanza masomoni Beijing, baadaye ukalimani kwa wafanyabiashara wetu Guangzhou na Yiwu, na hili nimeliona kwa wengi waliolelewa vizuri kabisa. Tukipanda ndege tunadhani ughaibuni kote ni kumoja, na ughaibuni tunaoujua ni ule wa vitabu vya shule na filamu: sema asante, jilipie mwenyewe, usimsumbue mtu, usiulize mambo ya ndani ya mwenzio. Tunafika China tumevaa adabu ya Mwingereza, kisha tunashangaa Wachina hawaijui. Ushauri wangu kwako unaanzia hapo: mpime Mchina kwa malezi ya bibi yako kwanza. Mengi yatakaa sawa. Machache hayatakaa, na hayo nitakuonyesha.

Kuna msomi wa elimu jamii wa Kichina, Fei Xiaotong, aliyezaliwa 1910 na kufariki 2005. Katika miaka ya 1940 aliwaeleza watu wake kwa mfano ambao hadi leo wanafunzi wa China wanaufundishwa: tupa jiwe majini, viwimbi vitoke duara baada ya duara, vikizidi kufifia kadiri vinavyokwenda mbali. Jiwe ni wewe. Duara la kwanza ni nyumba yako, la pili ukoo, kisha marafiki, wenzako wa shule, watu wa mji wenu. Wajibu, maneno, hata sauti unayotumia, hutegemea mtu yuko duara lipi. Nje ya maduara yote yuko mgeni, na mgeni hadaiwi kitu, hata salamu.

Hilo ndilo jibu la korido yako, na hapa ndipo malezi yetu na yao yanapoachana kweli. Sisi salamu tunampa yeyote. Ukiingia kwenye daladala Tanga ukakaa kimya, watu wataona huna adabu. Mjini China, kumsalimia mtu usiyemjua kwenye lifti ni kumshtua; atajiuliza unataka nini kwake. Wanaokupita kwenye korido wanapitana hivyohivyo wao kwa wao. Watazame siku moja utaona. Kinachowafungua ni mtu wa kati, kazi ambayo kwetu hufanywa na mshenga: mmoja anayekujua akutambulishe kwa wengine, ikiwezekana mezani penye chakula. Baada ya hapo wale waliokuwa wanapita kama hupo watakuuliza umekula nini na unakwenda wapi, mpaka uchoke.

Mtu wa kati wako alikuwa huyu wa hospitali. Kwa hiyo mrudie. Usimwandikie waraka wa kuomba radhi, na pesa usizitaje kabisa, maana kuzitaja ni kumfanya ajieleze, na kujieleza kutamtia haya. Mwombe msaada mwingine, mdogo: akusomee karatasi ya dawa, akusindikize benki, akueleze tangazo la idara. Najua inaonekana kinyume, kumwongezea mzigo mtu uliyemkosea, lakini kuomba ni kumwambia kwamba bado unamhesabu wa kwako. Kisha mpikie. Mwaga pilau, mwite na mwenzake mmoja. Akija na matunda, yapokee. Mkienda kula nje, kimbilia kulipa kabla yake. Mtavutana, na yeye akishinda leo, wewe unayo sababu ya kumwalika wiki ijayo. Deni dogo lisilokwisha ndilo linalowafanya muendelee kuonana.

Sasa shangazi wa bweni. Maswali yake yanakuudhi, lakini yapange vizuri uone yanatoka wapi.

Umri anauuliza kwa sababu bila umri hajui akuiteje. Wachina, kama sisi, huitana kwa udugu: dada mkubwa, mdogo wangu, mjomba, bibi. Tofauti ni kwamba wao huzingatia mno nani kazaliwa kwanza, hata kwa mwaka mmoja. Wengine kwa ustaarabu hawaulizi miaka, huuliza umezaliwa mwaka wa mnyama gani kati ya wale 12, kisha wanapiga hesabu kimoyomoyo.

Mshahara una historia yake. Mpaka miaka ya 1980 wafanyakazi wengi wa mijini China waliishi ndani ya kitengo cha kazi kilichowapa nyumba, zahanati, shule ya watoto na mgao wa chakula, na mishahara ilipangwa kwa madaraja ambayo kila mtu aliyajua. Hapakuwa na siri ya kutunza. Kadi za mgao wa nafaka zilikuja kufutwa 1993, wakati shangazi wako, kama ana umri ninaoukisia, tayari ni mama mwenye familia. Wazazi wetu waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaweza kumwelewa kuliko sisi. Akiuliza baba anapata kiasi gani, anataka kujua kama nyuma yako kuna mtu, kama ukikwama unaye wa kukutumia. Huna lazima ya kutaja tarakimu. Mwambie "zinatosha kula," ucheke. Wao wenyewe hujibu hivyo.

Ndoa nayo. Kuanzia 1980 hadi mwisho wa 2015 familia nyingi za mijini ziliruhusiwa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo ana wazazi wawili, na juu yao babu wawili na bibi wawili, wote macho kwake. Nenda Shanghai, bustani ya People's Park, siku ya Jumamosi au Jumapili: wazazi wamekaa na miavuli iliyofunguliwa chini, na juu ya kila mwavuli karatasi yenye umri, kimo, elimu na kipato cha mtoto wao, wakitafuta mchumba kwa niaba yake, mara nyingi mwenyewe hana habari. Shangazi anayekuuliza kwa nini hujaolewa amekutia katika hesabu hiyo ya wasiwasi. Ukimwambia mko sita kwenu atashangaa, pengine atanyamaza kidogo. Mtazame usoni wakati huo. Kwa mtu wa kizazi chake, ndugu watano ni utajiri aliokatazwa kumpa mtoto wake.

Nisikufiche kwamba vijana wa Kichina wanayachukia maswali haya kama wewe. Kila mwaka mpya ukikaribia wanafundishana mtandaoni namna ya kuwakwepa mashangazi. Kwa hiyo ukiudhika hujawa mkosefu wa adabu, na ukimwona binti wa Kichina anaudhika pia, hapo mmepata la kuzungumza.

Kuhusu kunenepa, nina hakika ulipokuwa Tanga uliambiwa "umenawiri" ukafurahi. Ni neno lilelile. Wazazi wa shangazi walipita katika njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu, naye kalelewa na watu wasiosahau. Mwili ulioongezeka kwake ni habari njema: mgeni anakula, China imempokea. Binti wa Kichina wa umri wako akiambiwa hivyo atajisikia vibaya, kwa sababu kizazi chao kimejifunza kujinyima. Basi angalia nani anasema.

Maji ya moto nayapenda kuyaeleza, kwa sababu wageni wengi huyafanyia mzaha na hayastahili. Tiba ya jadi ya Kichina hugawa vyakula, magonjwa na miili kwa ubaridi na ujoto. Tumbo linahitaji joto ili lisage chakula. Baridi ikiingia, nguvu za mwili hukwama. Juu ya imani hiyo ya kale ikaja siasa ya afya. Mwaka 1952 serikali mpya ilianzisha kampeni kubwa ya usafi nchi nzima, na kuchemsha maji ya kunywa kukawa sehemu ya mafundisho yake. Kipindupindu na homa ya matumbo vilikuwa vikiua, mabomba salama yalikuwa machache, na maji yaliyochemka yalikuwa kinga rahisi kuliko zote. Viwanda, shule na ofisi vikaweka majiko ya maji, kila nyumba ikawa na chupa ya chai. Ndiyo maana mpaka leo treni za China zina bomba la maji yanayochemka katika mabehewa, na bweni lako lina mashine yake. Wewe unasoma afya ya jamii. Ningekuwa wewe ningeandika tasnifu juu ya hilo. Ni mfano wa imani ya zamani na kampeni ya serikali vilivyobebana mpaka vikawa mazoea ya watu zaidi ya bilioni moja.

Na usiseme imani hiyo ni ngeni kwako. Pwani yetu inajua vyakula vya baridi na vya joto tangu zamani. Tiba ya Kiarabu na ya Kihindi ilituletea mgawanyo huohuo. Mwanamke akiwa katika siku zake, bibi humkataza barafu. Mzazi wetu anakaa ndani siku 40, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, hapigwi na upepo. Uchagani anapewa mtori. Mzazi wa Kichina anakaa ndani mwezi mzima: tangawizi, mayai, uji wa mtama wenye sukari nguru, madirisha yamefungwa, na kwa desturi ya zamani haruhusiwi hata kuosha nywele. Siku ukipata nafasi, mweleze shangazi habari za arobaini. Naamini atavuta kiti. Wanawake wawili wakianza kuzungumza uzazi, lugha mbovu haiwazuii.

Jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta: idara ikikuambia "tutalifikiria" au "si rahisi sana," hilo ni hapana. Usirudi kesho kuuliza, na hasa usiulize mbele ya watu, kwa maana utamlazimisha mtu akatae waziwazi au akubali asichoweza, na vyote viwili vitamuumbua. Sisi tunasema "inshallah" kwa sauti fulani na kila mtu anaelewa. Nao wana sauti yao. Pita kwa mtu wa kati.

Kuhusu imani, usitarajie watakuelewa upesi. Unapomtaja Mungu katika kila sentensi, kama tulivyozoea, Mchina wa kawaida atadhani unaleta mada ya dini, kumbe unamjibu habari za asubuhi. Ibada yake yeye iko makaburini. Mwanzoni mwa Aprili, siku ya Qingming, familia huenda kusafisha makaburi ya wazee wao, kuweka vyakula na kuchoma karatasi zinazowakilisha pesa. Pembezoni mwa Dar es Salaam kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini, wengi wakati wa kujenga reli ya TAZARA, na siku hizo ubalozi wao huenda kuweka maua. Mtu anayekuuliza "unaswali ili upate nini?" aghalabu hana kejeli. Swali hilo kwake ni la kweli kabisa. Mjibu kwa kifupi na kwa upole.

Sasa basi na ngozi yako. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mtoto anayesugua mkono ana udadisi wa mtoto. Mtazame, tabasamu, na kama hutaki kushikwa mwambie mama yake, ni haki yako. Hofu yao ya weusi wa ngozi ina mzizi mmoja ambao hauhusu Afrika: mkulima ndiye aliyeungua juani, tajiri ndiye aliyekaa kivulini. Ndiyo maana wanawake hutembea na miavuli jua likiwaka, na maduka yamejaa krimu za kung'arisha. Mama akimwambia bintiye "utakuwa mweusi" anazungumzia shamba. Sisi tunaouza na kununua mkorogo hatuna wa kumnyooshea kidole katika hilo.

Lakini mzizi huo hauelezi kila kitu. Februari 2018, katika kipindi cha televisheni ya taifa cha mkesha wa mwaka mpya, kinachotazamwa na mamia ya mamilioni, kulikuwa na kichekesho kuhusu reli ya Mombasa hadi Nairobi ambamo mwigizaji wa Kichina alipakwa uso rangi nyeusi na kuwekewa makalio ya bandia ili awe mama wa Kiafrika. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na hoteli zikawakataa, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Huo ni ubaguzi, na kuuita desturi ni kujidanganya. Matangazo ya kazi ya kufundisha Kiingereza yanayomtaka mzungu, hata asiyejua kufundisha, ni ubaguzi vilevile.

Yule bibi aliyehama kiti siwezi kumsemea. Pengine alikudharau, pengine alimwogopa mgeni, pengine alisogelea mlango. Ninachoweza kukupa ni kipimo ninachokitumia mwenyewe: tazama mtu anafanya nini baada ya kuambiwa. Mjinga wa mambo akielezwa husikitika, huuliza zaidi, kesho hakosei tena. Mwenye dharau hucheka na kurudia. Wa kwanza mvumilie, naye atakuwa rafiki. Wa pili hastahili muda wako, na usimtafutie udhuru kwa sababu tu unataka kuonekana mgeni mwema.

Jambo linalosaidia ni kujua mtu anaijua Afrika ya lini. Wazee wanaijua Tanzania kwa jina la reli. Ukiitaja nchi yako kwa mzee wa miaka 70, kuna uwezekano mkubwa atakutajia TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 China yenyewe ikiwa maskini. Wengine wanakumbuka 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoipa serikali ya Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35, zikiwemo 26 za Afrika, na balozi wetu kijana wa miaka 29, Salim Ahmed Salim, akishangilia ukumbini. Kwa wazee hao wewe ni mtoto wa rafiki. Vijana hawakulelewa na kumbukumbu hiyo. Afrika yao imetoka kwenye filamu za wanyama, habari za njaa na video fupi za simu, nzuri na za kipuuzi. Usiwatarajie wajue. Waonyeshe picha za Ngamiani, za dada zako, za harusi ya kwenu. Kitu cha kawaida kinawashangaza kuliko simba.

Basi, niende? Nenda. Kualikwa nyumbani usiku wa mwaka mpya ni kuingizwa duara la ndani kabisa, na mtunza bweni mwenye wanafunzi mamia hakualika kila mtu. Ila jiandae vizuri.

Mwambie mapema, kabla hata ya kukata tiketi, kwamba huli nguruwe, na umweleze kwamba mafuta ya nguruwe pia hayafai. Mapishi ya sherehe Hubei, jimbo lenye Wuhan yako, ni supu ya mizizi ya yungiyungi na mbavu za nguruwe, na nyama iliyokaushwa ya nguruwe huning'inizwa kila nyumba majira hayo. Asipojua atakupikia kwa mapenzi yote na wote mtaona aibu. Samaki, mayai na mboga kwa mafuta ya mimea vinatosha. Nunua sufuria ndogo uende nayo, mwambie ni desturi ya dini yako, ataelewa zaidi akisikia ni sharti kuliko akidhani huli chakula chake. Safarini tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou inayoendeshwa na Waislamu wa Gansu na Qinghai. Katika miji mingi maandishi ya Kiarabu yameondolewa miaka ya karibuni, kwa hiyo jifunze kuyatambua maandishi mawili ya Kichina ya qingzhen, yaani halali. Pombe ikizungushwa, inua kikombe cha chai, ukiteremshe kidogo chini ya cha mzee unayegonganisha naye. Hakuna atakayenuna.

Samaki wa mkesha wasimalizwe. Hubakizwa makusudi, ziada ya mwaka ujao. Vijiti usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, ndivyo wanavyosimamisha udi wa maiti. Mtandio mweupe uache bweni, maana kitambaa cheupe kichwani kwao ni cha msiba. Vaa mwekundu au wa rangi nyingine ya furaha. Zawadi peleka korosho, na karafuu kama unazo, kwani wao huitia kwenye nyama na kwenye dawa, na kujua kwamba imetoka Pemba kutawafurahisha. Saa ya ukutani hata iwe nzuri vipi usimpe mtu, kwao inaashiria kifo. Namba nne vilevile, usitoe vitu vinne. Atakataa zawadi mara mbili tatu, sisitiza. Akishaipokea ataiweka kando bila kuifungua mbele yako, usijisikie vibaya. Watoto wadogo wa nyumba wape bahasha nyekundu yenye noti mpya ya yuan 20 au 50. Wewe ambaye hujaolewa hulazimiki, lakini itampa shangazi heshima mbele ya wifi zake.

Beba nguo nzito za ndani. Majengo ya kusini ya mto Huai hayana mfumo wa serikali wa kupasha joto kama wa kaskazini, na nyumba ya kijiji Hubei mwezi wa Februari ni baridi ndani kuliko nje. Watu hukaa na makoti mezani, miguu wameizungushia jiko. Hapo utayanywa maji ya moto bila kuambiwa.

Tiketi za treni za msimu huo hufunguliwa takriban siku 15 kabla na huisha upesi, kwa hiyo jiandikishe mapema kwa namba ya pasipoti. Na jambo la mwisho, ambalo wengi wamelipuuza wakapata usumbufu: mgeni akilala nyumba ya mtu, sheria inataka aandikishwe kituo cha polisi cha eneo ndani ya saa 24. Mwombe shangazi akupeleke mara mkifika, ukiwa na pasipoti na kibali chako cha kuishi, na uiarifu ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujaondoka Wuhan.